Marehemu Mlowesha Mawe

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la Mama. Kurasa za mbele zimejaa vipimo vya watu wa mtaa wetu wa zamani: kifua, kiuno, urefu wa mkono, na pembeni maelezo yake, kama vile "bega la kushoto limeshuka" au "anasema ukweli ila kiunoni". Kurasa za nyuma zilikuwa tupu siku walipokuja kuubomoa mtaa, kwa hiyo nimezichukua mimi. Naandika wakati wa mapumziko, huku stoo, nimekalia ndoo niliyoipindua.

Leo nimeanza kazi. Ni jumba kubwa la maduka, na ndani ya jumba wamejenga mtaa. Una njia ya mawe, nguzo za taa, madirisha ya mbao ambayo nyuma yake hakuna chumba, na kamba za nguo zenye mashati yaliyotiwa wanga yasitikisike. Dari imechorwa anga la jua linapozama, kwa hiyo humo ni magharibi tu, hata saa nne asubuhi. Juu ya maduka zimetundikwa taa za neoni za zamani: jogoo wa buluu, birika linalotoa mvuke, jino la daktari wa meno, kofia, miwani. Wanauita Mtaa wa Zamani. Wanaokuja wanasema mji ulikuwa hivi hivi. Mimi nilizaliwa mtaa walikozing'oa nyingi ya taa hizo, na sikumbuki kama ulinukia mkate mpya. Hapa unanukia, kuna mashine.

Kazi yangu ni kulowesha mawe. Kila baada ya dakika arobaini napita na mpira wa maji na dekio, nayaacha yang'ae kama mvua imetoka kunyesha sasa hivi, ili taa zijione chini. Tangu utotoni nimefundishwa kukausha sakafu. Hapa nikiiacha kavu nafukuzwa.

Anayetusimamia ni mama mmoja mpole, mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Wafanyakazi wanamwita Dada Taswira, maana hamalizi sentensi bila neno hilo. Ametuambia msimu huu wa mvua sisi ni wa majaribio. Mwisho wa Mei itabandikwa orodha ya watakaopata ajira ya kudumu, na wa kudumu wana haki ya chumba cha watoto cha ghorofa ya chini, chenye vitanda na yaya aliyesomea kazi yake. Kifungo, mwanangu, ana miezi kumi. Baba yake yuko kwenye ujenzi nchi za watu, na simu zake zimekuwa kama mvua ya kiangazi. Nataka jina langu liwe kwenye orodha hiyo. Sina lingine la kuomba.

Jumanne, 4 Machi

Mvua nje. Nimefika nimelowa, nikapewa mpira nikalowesha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefahamiana na anayetunza taa. Anaitwa Fundi Gesi. Ana kiwanda kidogo nyuma ya bohari, anakunja mirija ya kioo kwenye moto, anaitoa hewa, anaingiza gesi. Ni mzee mkavu, mwenye mdomo mchafu, na hapendi mtu. Ameniambia nyekundu ndiyo rangi ya neoni yenyewe, rangi nyingine zote ni gesi nyingine na unga unaopakwa ndani ya kioo. "Kama wanawake wa hapa," akasema. Nikamuuliza na wanaume wa hapa wamepakwa nini. Akacheka kwa pua.

Nilimkuta akipaka taa mpya masizi na kutu ya kopo. Kila taa ikitoka mikononi mwake nzima, Dada Taswira huirudisha. Anataka kila moja iwe na sehemu inayopepesa kama jicho lenye mchanga, kwa sababu taa nzima haimkumbushi mtu kitu. Fundi ameunda kidude cha kuipepesesha. Miaka arobaini alikuwa anaitwa kuja kuzuia taa zisipepese.

Upande wa pili wa mtaa analowesha Kidoti, binti mwenye alama nyeusi shavuni. Naye ana mtoto mdogo. Tunaazimana sabuni.

Ijumaa, 14 Machi

Jirani aliyekuwa akinishikia Kifungo amehama bila kuaga. Leo Mama amebaki naye, lakini Mama mwenyewe tangu mtaa ubomolewe amekuwa mtu wa kukaa kitandani akitazama ukuta. Nimerudi nikakuta mtoto amelala na njaa.

Mchana Dada Taswira alikuwa akiulizia kama kuna anayemjua mtu wa kweli wa mitaa ya zamani, wa kukaa dirishani. Duka moja halijapangishwa, na tundu jeusi linaharibu taswira. Nikasema mama yangu ni fundi cherehani, na ile taa ya mkasi mwekundu iliyotundikwa pale juu ilikuwa ya duka lake.

Akanishika mikono yote miwili. "Mdogo wangu," akasema, "ulikuwa wapi siku zote?"

Jumatatu, 17 Machi

Nimemleta Mama. Alivaa gauni lake la kijani, akatembea polepole akitazama huku na huku kama aliyekuja kukagua. Mkasi ule ni wa kioo chekundu, urefu wa mtu mzima. Unafunguka na kufumba: mirija miwili inawaka kwa zamu. Ulipowashwa Mama alisimama, akafunika mdomo kwa khanga, akalia. Alilia kwa sauti. Watu wakasimama. Dada Taswira naye akafuta macho, halafu akamwambia mpigapicha arudie kutoka upande ule.

Walipoondoka Fundi Gesi akanivuta pembeni. Akaniambia mkasi wa Mama ulivunjika vipande siku ile ile ya kuubeba, kwa sababu waliufunga kwa gazeti. Huu aliukunja yeye mwezi wa kumi na mbili, kwa kutazama picha. Nikamwomba asimwambie. Akasema yeye halipwi kusema kweli, kwa hiyo nisihofu.

Jumanne, 18 Machi

Wameitoa sindano kwenye cherehani, eti usalama. Mama alinuna. Anasukuma kitambaa chini ya cherehani kisicho na sindano, na watu wanatazama.

Jumamosi, 22 Machi

Mtoto hana wa kumwachia, kwa hiyo nilimwomba Dada Taswira Kifungo akae na bibi yake dirishani mpaka nipate yaya. Alifikiri kidogo, akamtazama mtoto kama mtu anayechagua tikiti maji, akamgeuza kidevu huku na huku. Akakubali. Saa sita kulikuwa na umati mbele ya kioo. Bibi, cherehani, mtoto ameketi kwenye kapu la vitambaa, mwanga mwekundu juu yao.

Nitasema kweli, nilifurahi. Pana joto mle, pamekauka, na kila nikipita na mpira wangu namwona. Ananipungia kwa mkono mzima, anavyofanya, kama anayefukuza inzi. Mama amekula vizuri jioni. Amechana nywele. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi amenikosoa jinsi ninavyokunja nguo.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua siku ya tano. Barabara yetu imekuwa mto. Ndani, kama kawaida, jua linazama vizuri.

Jumanne, 1 Aprili

Niliitwa ofisini. Dada Taswira alinikalisha na kunipa maji. Akasema amepata maoni kwamba mfanyakazi mwenye ovaroli ya machungwa na mabuti ya mpira husimama mbele ya dirisha la fundi cherehani na kumchekea mtoto. Mgeni amekuja kuona enzi, akaona ovaroli. Kuanzia leo nisisimame hapo wala nisiligeukie dirisha wakati wa wateja. Niloweshe nikipita.

Nikamwambia, dada, yule ni mwanangu, bado ananyonya. Akasema anaelewa kabisa, naye ni mama. Atanipangia dakika kumi na tano saa saba, mlango wa nyuma.

Zamu ya saa tano nilipita nimeinamisha kichwa. Kifungo aliniona. Alipunga. Nikaendelea kuvuta dekio. Akapunga kwa mikono yote miwili, halafu nikasikia kilio chake kupitia kioo, chembamba, kama kinatoka kwenye redio ya jirani. Maziwa yakashuka yenyewe. Nilimaliza mtaa mzima kifua kimelowa, nikashukuru kwamba kwa kazi yangu kulowa si ajabu.

Jumamosi, 5 Aprili

Kifungo ametembea. Hatua nne, kutoka kapuni mpaka kwenye goti la bibi yake. Watu walipiga makofi nje ya kioo. Niliposikia makofi nilikuwa chini ya jogoo wa buluu, nimegeukia ukuta kama nilivyoagizwa. Kidoti ndiye aliyenisimulia.

Jumatano, 9 Aprili

Sasa sitaki tena hizo dakika kumi na tano ziishe. Jana Mama alinihesabia kwa saa.

Jumamosi, 12 Aprili

Kila dirisha lina kibao cha shaba chenye hadithi yake fupi. Cha dirisha la Mama kimefika leo. Nilikisoma nikipita, nikarudi nikajifanya kuna uchafu, nikakisoma tena:

"Fundi wa Mkasi Mwekundu. Miaka thelathini alishona chini ya taa hii. Binti yake alipofariki dunia, alibaki na mjukuu yatima, anayemlea kwa sindano yake."

Nilimwendea Dada Taswira hapo hapo na ovaroli yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hawezi kumkatiza mtu. Akasema hakuna jina lililotajwa, kwa hiyo hakuna aliyeuawa. Akasema wageni wamekuwa wakiuliza mama wa mtoto yuko wapi, na swali lisilo na jibu linaharibu taswira. Halafu akasema jambo lililonirudia kichwani njia nzima kurudi nyumbani: "Mama yako mwenyewe ndiye aliyeanza kuwaambia hivyo, mdogo wangu. Sisi tumeandika tu."

Jumapili, 13 Aprili

Nilimsubiri Mama amalize chai. Nikamuuliza kama ni kweli amenizika.

Hakuona haya. Alisema mtu mmoja aliuliza mama wa mtoto yuko wapi, yeye akataka kumwambia ndiye yule pale anamwaga maji, akaona aibu kwa niaba yangu. Akasema neno lililokuwa jepesi, kwamba amekufa. Akashangaa: yule mtu aliinama. Akavua kofia. Akaweka mkono kwenye kioo.

"Miaka thelathini nilipiga magoti mbele ya watu nikipima pindo zao," Mama akasema. "Hakuna aliyewahi kuniinamia. Sasa wanainama wao. Na wewe umepungukiwa nini? Umekufa, na chai unakunywa."

Nikamwambia asiyekuwepo na lake halipo, na mimi nipo. Akasema nivumilie mpaka mwisho wa Mei, orodha itoke, nilitaka orodha, sivyo? Ndiyo, nilitaka.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo nimekufa kwa homa.

Jumatatu, 21 Aprili

Leo nimekufa nikijifungua. Kidoti alikuwa karibu na mlango, amenipa habari zote.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekufa majini, nikiokoa watu wengine. Inaelekea watu waliipenda sana hii. Mwanamke mmoja alitoka akilia, akakanyaga pale nilipotoka kulowesha, nikamshika kiwiko asiteleze. Akanishukuru, bado anafuta machozi yangu ya kilio, maana yalikuwa yangu yale, ya msiba wangu. Nikamwambia pole.

Nilimweleza Fundi Gesi nikidhani atanihurumia. Akaniuliza kama marehemu bado anahitaji kikombe chake cha chai au akichukue.

Kifungo ameanza kumwita Mama "mama". Mama anasema ni neno rahisi tu, watoto wote huanza nalo.

Alhamisi, 1 Mei

Kifungo anakohoa. Mama anasema ni meno.

Jumapili, 4 Mei

Ya jana nayaandika leo, zahanati, Kifungo amelala mapajani.

Jana ilikuwa Jumamosi na mtaa ulijaa mpaka ilikuwa kazi kupitisha mpira. Ijumaa yote nilikuwa nimewekwa upande wa Kidoti, na asubuhi Mama aliondoka na mtoto nikiwa bado kwenye foleni ya maji. Zamu ya saa tano nilipita mbele ya dirisha. Niligeuka. Sikujali. Kifungo alikuwa kwenye kapu, hakupunga. Alinitazama akaacha kunitazama. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na kifua kilikuwa kinakwenda haraka, kinavuta chini ya mbavu.

Nje ya kioo watu walikuwa wakisema mtoto mzuri, tazama mashavu. Chini ya ule mwanga kila mtoto ana mashavu mekundu. Hata Mama alikuwa hajaona, na sidanganyi nikisema hakuona: wote mle ndani walikuwa wekundu, kitambaa, mikono yake, mtoto.

Nikaacha mpira unamwaga maji. Nikaingia kwa mlango wa mbele, ule wa taswira, na mabuti yangu. Nikamchukua mwanangu. Alikuwa moto kama pasi.

Mama aliinuka nusu, akasema kwa kunong'ona, "Si sasa." Nikamwambia mtoto anaumwa. "Basi pitia nyuma," akasema, na uso wake ulikuwa bado unawatabasamia watu.

Nilipogeuka nilikuta mlango umezibwa. Mwanamume mmoja mwenye mtoto wake mabegani aliniambia nimweke yule yatima chini. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua anatenda wema. Nyuma yake mwanamke akasema hata yatima wanamwibia, dunia imeoza. Nikasema ni wangu. Wakasoma kibao, wakanitazama. Mtu akacheka. Mlinzi akaja. Mlinzi huyu ananijua, huwa nampa nafasi ya kupita pakavu. Lakini watu walikuwa wengi, naye ana utaratibu wake. Akanitoa Kifungo mikononi, polepole, kidole kwa kidole, akamshika vibaya, kichwa kinaning'inia. Akamgeukia Mama.

"Bibi," akamuuliza, "huyu unamfahamu?"

Mama aliwatazama watu. Waliinama wote kumsikiliza, safu mbili, tatu. Kisha akanitazama mimi, kuanzia mabuti kupanda juu, alivyokuwa akiwatazama wateja kabla ya kuchukua utepe. Nilidhani anatafuta namna ya kulisema. Nilimpa muda. Tangu jana najilaumu kwamba nilimpa muda.

"Ni wa usafi," akasema.

Hapo mkasi ukazimika. Fundi Gesi alikuwa juu kwenye ngazi tangu asubuhi, akirekebisha kupepesa. Alizima, akawasha taa nyeupe anayofanyia kazi, akaimulika chini. Kwenye ule mwanga Kifungo alikuwa wa kijivu, na midomo ya buluu.

"Huyo ndiye mama yake," Fundi akasema kutoka juu, kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba bisibisi. "Ndiye marehemu mwenyewe. Mpeni mtoto wake."

Mlinzi akanipa. Nikapita katikati yao. Hakuna aliyeuliza mtoto ana nini. Yule mwanamke alikuwa akisema ametapeliwa, wiki iliyopita alilia mbele ya kioo hiki, nani atamrudishia. Nilimwacha akidai machozi yake.

Zahanati walisema mapafu yameanza kujaa. Wamemchoma sindano mbili na kumwekea hewa. Muuguzi alikuwa kijana kuliko mimi. Aliniuliza, "Mama, siku tatu zote hizi ulikuwa wapi?"

Nilikuwa mita tatu.

Jumanne, 6 Mei

Kifungo amenyonya. Amenichapa kofi usoni kwa furaha. Hewa wameitoa.

Alhamisi, 8 Mei

Tumerudi nyumbani. Mama alikuwa amefua shuka zote na kupika uji. Alimpokea mtoto akamnusa shingo. Sikumzuia. Lakini nilipomwona anataka kuanza kama kwamba hapakuwa na kitu, nilitafuta cha kumkata nacho, nikakipata.

Nikamwambia, "Hata ule mkasi uliolilia si wako. Wa kwako walivunja njiani. Ule ameukunja Fundi Gesi mwaka jana, akaupaka masizi."

Niliutazama uso wake ili nione ukianguka. Ndivyo nilivyokuwa nimefika.

"Najua," akasema. "Wa kwangu ulianza kufumba kabla ya kufunguka. Nimeukalia chini miaka thelathini, nisiujue?"

"Sasa ulilia nini?"

Akamfunika Kifungo miguu. "Walikuwa wananitazama," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa machozi, kwa kuomba msamaha. Hilo sikulijengea ukuta. Niliondoka nikaenda kusimama uani kwenye mvua. Mama yangu nimemjua miaka ishirini na mitatu. Kumbe nilimjua kifua, kiuno na urefu wa mkono.

Jumamosi, 10 Mei

Dada Taswira aliniita. Nilidhani ni barua ya kufukuzwa. Akanipa maji, akauliza hali ya mtoto, akasikiliza kila kitu, hata sindano. Akasema tukio lile lilimnyima usingizi siku mbili. Halafu akaja kugundua kwamba wageni wa Jumamosi si wageni wa Jumatatu. Hakuna anayekumbuka. Dirisha lipo, kibao kipo, Mama amekubali kuendelea.

Basi akaniwekea mezani. Kuna kazi ya kudumu kwenye maegesho ya magari, jengo la pili, ya kugawa tiketi. Kifungo atapata nafasi ya chumba cha watoto tangu kesho, si mwisho wa mwezi. Daktari atamwona kila wiki. Mtoto kwa upande wake atakaa dirishani saa nne kwa siku, mpaka afike miaka mitatu hivi, baada ya hapo watoto hupoteza mvuto. Mimi sitaingia mtaani kabisa. Nikiugua, wataniuguza. Aliyasema yote hayo kwa upole, na kila moja lilikuwa ndicho nilichoomba.

Nikamuuliza kibao je. Akasema kibao kinapendwa sana, mdogo wangu.

Nimepewa wiki moja.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Nimefikiri nikilowesha jino. Nimefikiri nikilowesha birika.

Fundi Gesi ameachishwa kazi. Nilimkuta akifunga mirija yake kwa blanketi, mmoja mmoja. Nilimshukuru kwa ile siku. Akasema nisimshukuru, hakufanya kwa ajili yangu wala mtoto, alitaka tu kuona nyuso zao kwenye mwanga mweupe, mara moja kabla hajafa. Nikamuuliza zilikuwaje. "Kama zote," akasema. Akaniomba mkono wa kubeba ngazi mpaka getini.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekataa. Sikutoa hotuba. Nilisema mtoto wangu ana mama, na mama huyo ndiye anayesema hapana. Dada Taswira akainamisha kichwa upande mmoja, akasema ananiheshimu, akaniomba nirudishe mabuti yakiwa makavu.

Jioni Mama aliniambia nimemfundisha mtoto umaskini akiwa hajaota hata meno sita. Nikamwambia ana manne, na mawili yanakuja, angejua kama angemtazama kwenye mwanga wa kawaida. Lilikuwa neno baya. Nimeliacha pale pale lilipoangukia.

Jumatatu, 19 Mei

Mama amehamia chumba cha wafanyakazi kule jumbani. Amechukua gauni la kijani na utepe. Daftari ameniachia.

Ijumaa, 23 Mei

Nimepata kibarua kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Mwenye kiwanda ameniruhusu Kifungo alale kwenye kapu la foronya nyuma ya mashine, nikiinua kichwa namwona, naye akiinua kichwa ananiona. Joto kali, mikono inachubuka. Kazi yangu ni kukausha.

Jumamosi, 31 Mei

Leo orodha imebandikwa. Sikwenda kwa ajili ya orodha. Nilikwenda kwa sababu Mama hajaja wiki mbili, na Kifungo kila asubuhi anakwenda kugonga kitanda chake.

Nilivaa nguo zangu za kutokea, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaingia kama mteja. Mlinzi alinifungulia mlango akaniita madam. Hakunitambua, au alikuwa na utaratibu wake.

Mbele ya dirisha la mkasi kulikuwa na watu safu tatu. Nilipenya. Mama alikuwa kwenye cherehani, nywele zimesukwa upya, amenenepa kidogo. Kitambaa ni kile kile, kimeshonwa miezi miwili na nusu na hakina hata tundu moja. Kwenye kapu la vitambaa kulikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, mdogo kuliko Kifungo, mwenye kichwa cha mviringo. Nilimjua. Nimewahi kumbadilisha nepi stoo, siku mamake alipokwama upande wa pili.

Kifungo alimwona bibi yake kupitia bega langu. Akapunga kwa mkono mzima, akaita. Mama aliinua macho. Alituona, naapa alituona, macho yalikaa kwetu muda wa pindo moja. Kisha akatabasamu lile tabasamu la watu wote, akamgeukia bwana mmoja aliyekuwa mlangoni na kuendelea kumsimulia. Safari hii binti yake alikufa kwa moto.

Mwanamke aliyesimama kando yangu, mwenye viatu vizuri vya kahawia, alikuwa amekwisha soma kibao. Akavuta pumzi. Alimtazama Kifungo mgongoni kwangu, akamtazama yule wa kapuni, akaniambia kwa huruma, kama mama kwa mama mwenzake, "Maskini, hana mama."

Nyuma yetu Kidoti alikuwa anapita na mpira wa maji, ameinama, uso ameugeuzia ukutani.

"Mama yake yuko hai," nikasema. "Ndiye huyo anayemwaga maji uliyoyakanyaga."

Mwanamke akageuka haraka. Akatazama chini, akatazama viatu vyake, akasogea pakavu.